Nauli za London: kadi moja, mtu mmoja, kuingia na kutoka

Dada mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi: "Nakwenda London siku kumi na mbili kumwangalia dada yangu aliyejifungua. Anakaa East Ham. Nafuatana na wanangu wawili, mmoja ana miaka 13 na mwingine 8. Shemeji anasema ninunue tikiti za wiki mtandaoni nikiwa huku huku. Rafiki yangu anasema kadi ya Oyster. Wa benki wanasema kadi yangu ya ATM yatosha. Mimi safari zangu ni boti ya Mokowe na basi la Mombasa. Ninunue nini, na nitajuaje kama nimelipa sawa?"

Dada yangu, hongereni kwa mtoto, na Mungu awafikishe salama. Nitakujibu kwanza ndipo nieleze, maana mtu akisoma maelezo marefu huku watoto wanamwita, jibu lenyewe humpotea. Wewe tumia kadi yako ya benki, mradi ina alama nitakayokutajia hapo chini. Mwanao wa miaka 13 mkatie Oyster, kadi ya nauli inayotiwa salio, mkishafika uwanja wa ndege wa Heathrow, na umwombe mfanyakazi wa stesheni amtilie nafuu ya watoto wageni. Wa miaka 8 hahitaji kadi wala tikiti. Tikiti za wiki mwambie shemeji aziache.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye mageti ya treni za chini kwa chini za London kabla ya kurudi nyumbani Malindi. Watu niliowaona pale wakipoteza fedha hawakuwa wale waliochagua tikiti isiyofaa. Walikuwa wale waliogusisha kadi moja wakati wa kuingia na nyingine wakati wa kutoka, au waliosahau kugusisha kabisa. Kwa hiyo swali lako la pili, la kujua kama umelipa sawa, mimi naliona zito kuliko la kwanza.

Huku kwetu bei hutangulia safari. Ukifika gatini Mokowe wajua boti ni kiasi gani hata kabla hujatia mguu, na ikiwa ni ya kukodi unapatana na nahodha kwanza. Hapa Malindi ukisimamisha tuktuk ni yayo hayo. London mambo yamegeuka. Unagusisha kadi getini bila kumwambia mtu unakokwenda, unapanda, unashuka, unagusisha tena kutoka, na hesabu inapigwa baadaye. Mtambo unaangalia umeingilia wapi, umetokea wapi na ilikuwa saa ngapi, kisha unakata nauli ya safari hiyo. Safari zako za siku nzima zinajumlishwa, na zikifika kiwango fulani, hukatwi zaidi ya hapo hata ukizunguka mji mpaka usiku wa manane. Hicho ndicho kikomo cha siku. Siku yenyewe huhesabiwa kuanzia saa 10:30 alfajiri hadi alfajiri ya siku inayofuata, kwa hiyo anayerudi nyumbani saa saba za usiku bado yumo kwenye siku ile ile. Kuna na kikomo cha wiki, kinachoanza Jumatatu na kuishia Jumapili.

Ndiyo maana nikasema tikiti za wiki ziachwe. Tikiti hiyo huitwa Travelcard, na ya siku saba unailipia yote mwanzoni, usafiri usisafiri. Wewe unakwenda kumwangalia mzazi. Zipo siku hutavuka kizingiti cha mlango, unapika uji na kumkanda dada yako, na siku hizo kwa kadi ya kugusisha hulipi hata senti. Travelcard ingemfaa mtu anayetoka kila siku asubuhi na jioni na ambaye amefika katikati ya wiki, kwa sababu yeye kikomo cha Jumatatu hadi Jumapili hakimsaidii sana, ilhali Travelcard huanza siku yoyote atakayo. Kwenu ni hasara. Na zile kurasa za mtandaoni zinazouza vifurushi vya watalii, ndani yake kuna tikiti za makumbusho na boti za mto ambazo hukuziulizia, usizifungue.

Basi ndilo utakalolitumia zaidi, na ndilo jepesi kulielewa. Dereva wa basi la London hapokei fedha taslimu. Tangu Julai 2014 basi hizo hazichukui sarafu wala noti, kwa hiyo hata ukimwonyesha pauni mkononi atakutikisia kichwa tu. Hakuna makanga. Unaingia kwa mlango wa mbele, unagusisha kadi mara moja kwenye duara la njano, unasikia mlio, unakwenda kuketi. Unaposhuka hugusishi. Nauli ya mtu mzima ni moja, ushuke kituo cha pili au ushuke mwisho wa njia; mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75. Haipandi mvua ikinyesha wala sikukuu ikikaribia.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni hili: ukishagusisha kwenye basi la kwanza, una saa nzima ya kupanda basi nyingine bila kulipa tena. Utaratibu huo ulianza Septemba 2016. Sema unatoka nyumbani saa nne asubuhi, unapanda basi hadi Green Street kutazama vitambaa, unaingia soko la Queen's Market pale Upton Park ukanunua samaki na ndizi, na saa tano kasoro dakika tano unapanda basi la kurudi. Umelipa nauli moja kwenda na kurudi. Lakini kadi lazima iwe ile ile, na ugusishe hata kama hulipi, kwa sababu mtambo ndio unaojua kwamba saa yako haijaisha. Ukichelewa ukapanda saa tano na dakika tano, utakatwa nauli nyingine. Na ukitumia basi peke yake siku nzima, kikomo ni nauli tatu. Ya nne na kuendelea hukatwi.

Treni ndizo zenye mambo. London imegawanywa kanda kama magamba ya kitunguu. Ukanda wa 1 uko kati, na nambari zinapanda kadiri unavyotoka nje. Heathrow iko Ukanda wa 6. East Ham iko mpakani mwa Ukanda wa 3 na wa 4, na stesheni ya mpakani huhesabiwa upande unaokupunguzia nauli. Kinachopandisha bei kuliko kingine ni kugusa Ukanda wa 1. Nikupe mfano utakaokufaa Ijumaa. Msikiti mkubwa wa mashariki ya London, East London Mosque, uko barabara ya Whitechapel, baina ya stesheni mbili: Aldgate East na Whitechapel. Zote mbili ziko kwenye njia ya District inayopita East Ham, moja kwa moja, hubadilishi treni. Kwa miguu hadi msikitini ni mwendo wa dakika chache kutoka kokote. Aldgate East imo Ukanda wa 1, Whitechapel iko Ukanda wa 2. Shuka Whitechapel. Au ikiwa huna haraka panda basi la 115 kutoka East Ham, linapita Commercial Road hadi Aldgate, na nauli ni ile ile moja ya basi.

Saa nazo zina bei yake. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 3:30, na tena kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, ni saa za msongamano na nauli ya treni huwa juu. Kwenye mabango utaona 06:30, 09:30, 16:00 na 19:00, usichanganyikiwe. Kinachohesabiwa ni dakika uliyogusisha kuingia, hawaangalii umetoka saa ngapi. Ukifika getini saa 3:25 ngoja dakika tano, mtazame watu wakipita. Jioni kuna msamaha mmoja mzuri: anayetoka nje ya Ukanda wa 1 kuingia Ukanda wa 1 hatozwi nauli ya msongamano wa jioni. Kwa hiyo ukitoka East Ham saa kumi na moja kwenda mjini, unalipa nauli ya chini. Anayetoka mjini kwenda East Ham saa hiyo hiyo analipa ya juu. Basi halina habari ya saa, bei yake ni moja asubuhi na jioni.

Sasa siku ya kufika. Pale Heathrow utaona mabango ya treni tatu. Heathrow Express ndiyo ya haraka, robo saa unafika Paddington, na ndiyo ghali kuliko zote. Ukishafika Paddington bado uko mbali na East Ham, kwa hiyo haraka hiyo haikufai kitu. Ya pili ni Elizabeth, njia mpya iliyofunguliwa Mei 2022, mabehewa mapana yenye hewa baridi, ila nauli yake kutoka Heathrow ni zaidi ya mara mbili ya ile ya tatu. Ya tatu ni Piccadilly, njia ya treni ya chini kwa chini. Chukua Piccadilly. Ni ya polepole, mabehewa yake membamba, na mizigo itawabana kidogo, lakini inawafaa kwa sababu moja: mkishuka Barons Court, treni ya District inasimama upande wa pili wa sakafu hiyo hiyo. Hampandi ngazi na masanduku. Mnavuka hatua chache, mnatazama ubao mbele ya treni, na ikiwa imeandikwa Upminster au Barking mnapanda. East Ham ni kituo kimoja kabla ya Barking. Wakati wa kubadilisha treni pale msigusishe kadi popote. Mnagusisha Heathrow wakati wa kuingia na East Ham wakati wa kutoka, basi. Anayetoka Heathrow akashuka Ukanda wa 1 hutozwa nauli ya msongamano saa zote, lakini nyinyi mkiwa na mtoto na mizigo msikae kungoja saa ibadilike. Nendeni nyumbani mkapumzike.

Turudi kwenye kadi. Itoe kadi yako ya benki uitazame. Kama ina alama ya mawimbi manne yaliyopindana, mfano wa sauti inayotoka kwenye spika, na ni Visa au Mastercard, ni kadi ya kugusisha. Treni za London zimezipokea kadi hizo tangu Septemba 2014, na basi kabla ya hapo. Kama haina alama hiyo, omba benki wakubadilishie kabla hujaondoka. Ile kadi ya namba tupu inayokaa kwenye simu kwa kununulia vitu mtandaoni siyo hii ninayoisema. Waambie benki kwamba utakuwa Uingereza kuanzia tarehe fulani, ili wasidhani imeibwa wakaifunga.

Kisha waulize swali moja, na usitoke mpaka wakujibu: ada ya kutumia kadi nje ya nchi ni asilimia ya fedha, au ni kiasi maalumu kwa kila malipo? Kama ni asilimia ndogo, endelea na kadi yako bila wasiwasi. London hukata safari zako za siku kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo hata ukipanda basi sita benki inaona malipo mamoja. Lakini kama benki yako inakata shilingi kadhaa kwa kila malipo hata yawe madogo namna gani, siku kumi na mbili zaweza kufika malipo kumi na mawili, na hapo ni afadhali nawe ukate Oyster. Oyster unailipia kadi yenyewe kwanza, fedha hizo hazirudi, kisha unatia salio na kukatwa kidogo kidogo. Nauli na vikomo vya mtu mzima ni vile vile. Ukigusisha kadi ya benki mara ya kwanza unaweza kupata ujumbe wa kiasi kidogo sana kisichofanana na nauli. Ni mtambo unaulizia kama kadi ni hai. Nauli yenyewe inafuata.

Jambo moja tu kuhusu Oyster kabla hatujaenda mbali. Ikiwa mna jamaa Slough au Reading na mnataka kuwazuru kwa treni ya Elizabeth, Oyster haikubaliki huko, ingawa treni ni ile ile na rangi ni ile ile. Kadi ya benki inakubaliwa. Nimewaona watu wazima wakifika Slough na Oyster iliyojaa salio, geti likakataa kufunguka, wakabaki pale hawajui la kusema. Kwa mwanao mwenye Oyster, safari ya huko mkatieni tikiti ya mtoto mashineni.

Sasa watoto. Wa miaka 8 anapita bure kwenye basi, na kwenye treni za chini kwa chini, pamoja na treni nyingine za mji ziitwazo DLR, Overground na Elizabeth, anapita bure akiwa na mtu mzima aliyelipa. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa watoto wanne walio chini ya miaka 11. Piteni pamoja kwenye lile geti pana la mizigo na vigari vya watoto. Mfanyakazi akikuona na mtoto mdogo atakufungulia, usiogope kumwita. Chukua pasipoti yake, mtoto wa miaka 8 aliyerefuka anaweza kuulizwa umri.

Wa miaka 13 ndiye anayewagharimu watu bila wao kujua. Mama wengi wanamkatia kadi ya kawaida, analipa nauli ya mtu mzima mpaka siku ya kuondoka. Mtoto wa miaka 11 hadi 15 aliyekuja matembezi ana nafuu iitwayo Young Visitor. Inatiwa ndani ya kadi yake ya Oyster, na kwa muda usiozidi siku 14 analipa nusu ya nauli ya mtu mzima. Siku zenu kumi na mbili zinaingia ndani yake vizuri. Kadi ya benki haiwezi kutiwa nafuu hii, ndiyo maana yeye lazima awe na Oyster hata kama wewe huna. Nunua kadi mashineni pale Heathrow, kisha kabla hamjapita getini mwite mfanyakazi, umwonyeshe mtoto na pasipoti yake, na umtajie hilo jina Young Visitor. Kazi yenyewe haimalizi dakika tatu. Tafadhali usiseme utafanya kesho. Mkishapita getini na uchovu wa ndege, kesho inakuwa siku ya kuondoka.

Na umfundishe yeye mwenyewe kugusisha. Kila mtu ana kadi yake, kila anayelipa. Huwezi kugusisha yako mara mbili ukampitisha na mwanao kwenye treni, geti litaona umeingia tayari. Wala msibadilishane kadi mkiwa ndani ya safari.

Hapa nikueleze yaliyompata shangazi yangu alipokuja kunitembelea, naye ni mtu makini. Alikuwa na kadi ya benki na Oyster katika pochi moja, na alikuwa akiweka pochi nzima juu ya duara la njano. Asubuhi duara lilisoma benki, jioni likasoma Oyster. Kwa mtambo, hao ni watu wawili: mmoja aliingia akapotea humo chini, mwingine alitokea bila kuingia. Kila mmoja alikatwa nauli ya juu kabisa. Siku tatu mfululizo. Nilikuja kuligundua nilipomwuliza kwa nini salio limekwisha, na mpaka leo najilaumu kwamba mimi niliyeyafahamu hayo kwa kazi sikumwambia mapema. Toa kadi pochini. Iguse peke yake. Na simu ikiwa imeungwa na kadi hiyo hiyo, mtambo unazihesabu kama kadi mbili, kwa hiyo chagua moja tangu siku ya kwanza na usiiache.

Zipo stesheni zisizo na geti, hasa za DLR, ambapo unaweza kutoka moja kwa moja hadi barabarani bila kuona kizuizi. Lazima utafute nguzo yenye duara la njano ugusishe. Asiyegusisha wakati wa kuingia akakutwa na mkaguzi, faini ni pauni 100, na nusu yake akilipa ndani ya siku 21. Ukiona nguzo yenye duara la rangi ya waridi, hiyo ni ya watu wanaobadilisha treni bila kupitia Ukanda wa 1. Gusisha ukiwa unabadilisha hapo, inaweza kukushushia nauli, na haikuongezei kitu.

Sasa lile swali lako la pili, la kujua kama umelipa sawa. Fungua akaunti kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, uandikishe kadi yako ya benki na Oyster ya mtoto. Utaona kila safari: stesheni ya kuingia, ya kutoka, saa, na kiasi. Kila usiku ukishamlaza mtoto, tazama. Ukiona safari yenye mwanzo bila mwisho, hapo ndipo ulipokatwa zaidi, na humo humo kuna nafasi ya kueleza ulishuka wapi na kurudishiwa tofauti. Dai ukiwa bado unakumbuka. Usipotaka habari za akaunti, salio la Oyster utalisoma mashineni kwa kugusisha kadi.

Tikiti ya karatasi ya mashineni usinunue kwa safari za kawaida. Kati ya stesheni mbili za Ukanda wa 1 inagharimu zaidi ya mara mbili ya kugusisha.

Ukipata siku moja ya nafasi, panda treni hadi Russell Square. Maktaba ya SOAS, chuo kikuu, iko jirani, na humo imehifadhiwa miswada ya kale ya tenzi za Kiswahili, pamoja na tungo za Muyaka wa Mombasa. Mwanao wa miaka 13 ayajue yaliko maandishi ya pwani yake. Ondokeni East Ham baada ya saa 3:30, na mrudi kabla ya saa 10 jioni.

Siku ya kuondoka, mkifika Heathrow, angalia salio la Oyster ya mtoto. Likiwa chini ya pauni 10, mashine yenyewe inaweza kukurudishia. Lakini mimi ningeiacha kadi kwa dada yako, kwa sababu salio haliozi. Amwombe mfanyakazi wa stesheni ahakikishe nafuu ya mtoto imeshatoka, kisha aitumie atakapomaliza arubaini na kuanza kutoka.